Flashi Imekataa Kusomeka? Tusikubali Ifutwe Kabla ya Kuchunguza





Katika ziara zetu vijijini siku hizi tunakuta chombo kimoja karibu kila mahali. Ni redio ya spika kubwa, ile wengi huiita sabufa, yenye tundu la kuchomekea flashi. Vikundi vingine vimeinunua kwa michango ya wanachama. Vingine huikodisha kwa harusi na harambee, na pesa zinaingia kwa mwekahazina. Vingine huitumia kusikiliza masomo ya kilimo, afya ya watoto na Neno la Mungu kwa lugha ya nyumbani. Hiyo ni kazi nzuri sana, kwa sababu si kila mwanachama anaweza kusoma, lakini karibu wote wanaweza kusikiliza.

Malalamiko nayo ni yale yale kila tunapofika. "Jana ilikuwa inacheza, leo inasema hakuna kitu." "Flashi imekufa." "Fundi amesema lazima ifanyiwe fomati." Kisha mambo hufuatana hivi: kikundi kinachangisha, mtu anatumwa sokoni, nauli inalipwa, fundi analipwa, na flashi inarudi ikiwa safi kabisa. Yaani safi kama sahani iliyooshwa! Redio sasa inaisoma, lakini ndani hakuna kitu.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokijua kilipoteza kwa njia hiyo sauti ya nyanya mmoja aliyekuwa mwanachama wao. Alikuwa amewafundisha jioni tatu mfululizo jinsi ya kuchagua na kuhifadhi mbegu za mtama na kunde za kienyeji, nao wakamrekodi. Mwaka uliofuata nyanya alifariki. Flashi ilipokataa kusomeka, ilifanyiwa fomati kwa muda mfupi tu. Baadaye flashi nyingine nazo zilikataa kwa redio ile ile, mpaka tundu lake liliposafishwa. Ubaya ulikuwa kwa tundu, lakini aliyehukumiwa ni flashi.

Ndiyo sababu tumeandika makala haya. Flashi inaweza kununuliwa tena dukani, lakini sauti ya mtu haiuzwi popote. Basi tujifunze kutafuta ubaya uko wapi kabla ya kutoa pesa, na kabla ya mtu yeyote kufuta kitu.

VITU VITATU, SI KIMOJA

Maharagwe yakikataa kuiva, mama hasemi mara moja kwamba sufuria ni mbovu. Huangalia kuni, huangalia sufuria, kisha huangalia maharagwe yenyewe. Na sisi tufanye vivyo hivyo. Sauti ikikataa kutoka kwa flashi, kuna vitu vitatu vya kuangalia:

1. Redio yenyewe, pamoja na tundu lake na umeme unaoiendesha.
2. Flashi.
3. Faili zilizo ndani ya flashi, yaani nyimbo na masomo yenyewe.

Njia ya kujua ni kubadilishana. Haihitaji kifaa chochote cha fundi.

Hatua ya kwanza: Azima kwa jirani flashi ambayo mmeisikia ikicheza kwa redio yake leo. Ichomeke kwa redio ya kikundi. Ikikataa nayo, ubaya huenda uko kwa redio. Ikicheza vizuri, redio yenu haina lawama.

Hatua ya pili: Chukua flashi ya kikundi uichomeke kwa redio ya jirani au kwa kompyuta. Ikikataa kila mahali, ubaya uko kwa flashi. Ikisomeka kwa kompyuta lakini ikakataliwa na redio zote, huenda flashi ni nzima ila imepangwa kwa namna ambayo redio haielewi. Hilo tutalieleza hapa chini.

Hatua ya tatu: Kama nyimbo nyingine zinacheza na nyingine zinarukwa, angalia faili.

Onyo moja kubwa! Mnapochomeka flashi kwa kompyuta au kwa simu, pengine yatatokea maandishi yanayouliza kama mnataka kufanya fomati. Jibu ni HAPANA. Simu nyingi za Android hazielewi baadhi ya flashi ambazo ni nzima kabisa, nazo husema flashi imeharibika. Si kweli kila mara. Kataeni, chomoeni, mjaribu mahali pengine.

UBAYA UKIWA KWA REDIO

Anzeni na mambo rahisi. Je, redio imewekwa upande wa flashi? Redio nyingi zina kitufe chenye maandishi kama MODE, INPUT au FUNCTION. Mtoto akikibonyeza, redio inahamia FM au Bluetooth na watu wanadhani flashi imekufa. Bonyezeni polepole mpaka neno USB litokee. Flashi kubwa yenye nyimbo nyingi huchukua muda kusomwa, hivyo subirini dakika moja au mbili kabla ya kuanza kubonyeza ovyo.

Kisha zimeni redio, ichomoeni kwa umeme kabisa, muiache dakika tano, halafu muiwashe tena. Umeme unaokatika na kurudi ghafla huweza kuifanya redio ikwame. Kupumzika kidogo huiponya mara nyingi.

Ikiwa bado, angalieni tundu. Ndani ya tundu la kawaida la USB kuna vyuma vinne vyembamba. Viwili hupitisha umeme, viwili hupitisha habari. Hapa kuna jambo ambalo huwadanganya wengi: taa ndogo ya flashi inaweza kuwaka kwa sababu vile vyuma viwili vya umeme vinagusa vizuri, huku vile vya habari vimezibwa na vumbi au kutu. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba flashi inasomeka. Tena redio nyingine zina matundu mawili yanayofanana, moja la kusomea flashi na lingine la kuchajia simu tu. Lile la kuchajia haliwezi kusoma kitu hata mkeshe nalo.

Kusafisha tundu ni hivi. Chomoeni redio kwa umeme. Tumieni brashi ndogo laini iliyo kavu, kama mswaki mpya wa mtoto, mkitoa vumbi polepole. Kama kuna uchafu ulioganda, lowesheni ncha ya pamba kidogo kwa spiriti ya dukani, mpanguse, kisha mwache tundu likauke kabisa kabla ya kuwasha. Msitumie maji, mafuta ya taa, mate, sindano wala msumari. Chuma kinaweza kupinda vile vyuma vyembamba, na hapo ndipo mtamhitaji fundi kwa kweli.

Kama flashi inacheza ukiishikilia kwa mkono na inakatika ukiiachilia, tundu limelegea pale lilipochomewa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kuchomelea. Lakini sasa mnajua cha kumwambia: "Kaza tundu hili." Flashi yenu ibaki nyumbani.

Umeme wa sola unahitaji neno lake. Tundu la USB hutoa volti 5, na kwa zile za kawaida za USB 2.0 nguvu yake haizidi nusu ya ampea. Flashi ndogo inatosheka. Diski kubwa ya kompyuta yenye kuzunguka ndani huenda isitosheke, ndiyo maana hulia tik-tik na kukataa. Na betri ya volti 12 ikiwa imechoka, redio inaweza kucheza FM kwa sauti ndogo bila shida, lakini mkiongeza sauti ya flashi inajizima na kuanza upya. Kila spika inapopiga besi, inavuta umeme mwingi kwa mara moja. Betri ya sola ya kawaida ikiwa imejaa na imepumzika huonyesha kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 12 imekaribia kuisha. Punguzeni sauti mjaribu tena kabla ya kuilaumu flashi.

UBAYA UKIWA KWA FLASHI

Fikirini flashi kama stoo ya kikundi. Ndani kuna magunia, na mlangoni kuna daftari linaloonyesha kila gunia liko wapi. Redio haitembei stoo nzima ikitafuta. Inasoma daftari, halafu inakwenda moja kwa moja kwa gunia.

Sasa, kuna namna mbalimbali za kuandika daftari hilo. Namna inayojulikana na redio nyingi huitwa FAT32, nayo ilianza mwaka 1996. Nyingine ni NTFS, iliyotoka 1993 kwa ajili ya kompyuta za Windows, na exFAT, iliyotoka 2006 kwa ajili ya flashi kubwa. Kompyuta inajua zote tatu. Redio ya bei nafuu mara nyingi inajua FAT32 peke yake. Ni kama katibu aliyefundishwa namna moja ya kuandika kitabu cha hesabu. Ukimpa kitabu cha namna nyingine hakioni kuwa ni hesabu, anasema tu "hakuna kitu". Na redio nayo huandika NO USB au ERROR.

Hii ndiyo siri ya flashi mpya inayokataa. Watu hudhani kubwa ndiyo bora, wananunua ya GB 64 au 128. Kadi za memori zilizozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa zimeandikwa kwa exFAT, na flashi nyingi za ukubwa huo pia. Redio haiielewi. Kwa miaka mingi menyu ya kawaida ya Windows imekuwa haitoi nafasi ya kuiandika FAT32 flashi iliyozidi GB 32. Kwa hiyo ushauri wetu ni rahisi: kwa redio ya kikundi nunueni flashi ya GB 8, 16, au isiyozidi 32.

Je, hiyo inatosha? Inatosha na kubaki. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida huchukua kama MB 1 kwa kila dakika. Flashi ya GB 8 basi inabeba zaidi ya saa 120 za sauti. Kikundi kinachokutana saa mbili kila juma kingesikiliza zaidi ya mwaka mzima bila kurudia somo.

Redio za zamani sana zenye nafasi ya kadi zina tatizo lingine. Zile zilizotengenezwa kwa kadi za kwanza, zisizozidi GB 2, haziwezi kusoma kadi za GB 4 na kuendelea hata kama umbo ni lile lile.

Kama flashi yenu inasomeka kwa kompyuta lakini daftari lake ni NTFS au exFAT, fanyeni kwa utaratibu huu. Kwanza, nakilini kila kitu kwenda kwa kompyuta. Pili, fungueni nakala kadhaa msikilize kama kweli zinacheza, si kuangalia majina tu. Tatu, ndipo flashi ifanyiwe fomati ya FAT32. Nne, rudisheni nyimbo. Hakuna ubaya wowote kwa fomati inayofanywa baada ya nakala. Ubaya uko kwa ile inayofanywa kabla.

FLASHI YENYE UGONJWA WA SAIBA

Flashi inayotembea kutoka kompyuta hadi kompyuta hupata virusi, kama vile mtu anayekunywa kwa kikombe cha kila mtu. Kirusi kimoja kinachojulikana sana hufanya hivi: mnafungua flashi kwa kompyuta mnakuta folda zimegeuka kuwa vijipicha vidogo vyenye mshale. Mkibonyeza, kirusi kinaingia kwa kompyuta. Faili zenu mara nyingi hazijapotea. Zimefichwa tu, pengine ndani ya folda isiyo na jina, na redio nyingine hushindwa kuzipata.

Msibonyeze vile vijipicha. Mwombeni mwenye kompyuta aikague flashi kwa programu ya kuua virusi, afungue uwezo wa kuona faili zilizofichwa, kisha azitoe na kuzinakili mahali salama. Akiwaambia "hakuna kitu, tufute tu," mwambieni kwa upole aangalie kwanza flashi imejaa kiasi gani. Kama kompyuta inaonyesha flashi ya GB 8 ina GB 5 zilizotumika, na huku mnaona folda tupu, basi hizo GB 5 ziko mahali fulani ndani yake!

FLASHI YA UONGO

Sokoni kuna flashi na kadi zilizoandikwa GB 512, au hata TB 2, zikiuzwa kwa bei ya chai na mandazi. Ndani yake huenda kuna GB chache tu. Mdanganyifu amebadilisha maelezo ya ndani ili kompyuta iamini uongo. Mnaponakili, kila kitu kinaonekana kuingia. Lakini nafasi ya kweli ikijaa, nyimbo mpya huandikwa juu ya zile za zamani au huanguka hewani. Majina mtayaona yote, ila mkicheza, wimbo unakatika, unapiga kelele au unarukwa.

Jaribio ni kuijaza. Siku mnayonunua, nakilini faili mpaka ikaribie kujaa, ichomoeni, ichomekeni tena, kisha mcheze za mwanzo, za katikati na za mwisho. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kutumia programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza flashi na kuisoma tena kuona kama haikudanganya. Itumieni kwa flashi tupu tu. Na risiti ya duka itunzwe na mwekahazina.

UBAYA UKIWA KWA FAILI

Flashi ni nzima, redio ni nzima, lakini somo lililorekodiwa kwa simu halichezi. Hapa shida ni lugha ya faili. Karibu redio zote zenye tundu la flashi zinaelewa MP3. Baadhi zinaelewa WMA na WAV. Lakini simu nyingi hurekodi kwa M4A, 3GP au AMR, na sauti zinazotumwa kwa WhatsApp huwa za Opus. Redio inaziruka kama mgeni asiyesikia lugha ya mkutano.

Wengine hubadilisha jina la faili tu, wakiandika .mp3 mwishoni. Hiyo haisaidii. Ukimwita mbuzi ng'ombe, bado atatoa maziwa ya mbuzi. Lazima faili igeuzwe kwa programu ya kompyuta. VLC na Audacity ni za bure na zinaweza kazi hiyo, ingawa kwa faili nyingine Audacity huhitaji kuongezewa programu ndogo ya kusaidia. Kijana wa kikundi aliyesoma kompyuta anaweza kujifunza kwa muda mfupi. Baada ya kugeuza, msifute faili ya asili. Iwekeni pembeni, kwa sababu ubora hupungua kidogo kila sauti inapogeuzwa.

Kuna pia shida ya mpangilio. Mmeweka masomo kumi, somo la saba linacheza kabla ya la kwanza. Redio nyingi za kawaida hazifuati alfabeti. Hufuata jinsi faili zilivyoingia katika daftari la flashi, yaani iliyonakiliwa kwanza hucheza kwanza. Dawa yake ni kuyapa masomo majina yanayoanza na 01, 02, 03, kisha kuyanakili moja moja kwa utaratibu huo katika folda iliyo tupu. Tena msiweke folda ndani ya folda ndani ya folda. Moja inatosha.

KAMA TAYARI IMEFUTWA

Msikate tamaa upesi, lakini acheni kuitumia hapo hapo. Fomati ya haraka hutupa daftari la mlangoni na kuweka jipya lisilo na maandishi. Magunia bado yamo stoo, ila hakuna anayejua yalipo. Gunia la zamani hupotea kabisa pale mnapoweka jipya juu yake. Kwa hiyo msinakili hata wimbo mmoja! Ifungeni kwa karatasi, mwandike "ISIGUSWE".

Mtaalamu wa kompyuta anaweza kutumia programu za bure kama PhotoRec au Recuva kuyatafuta magunia yale, akiyaweka kwa kompyuta, si kwa flashi ile ile. Mara nyingi sauti hurudi bila majina, nanyi mtakaa kuzisikiliza moja moja. Lakini kama ilifanyiwa fomati kamili kwa Windows, jueni kwamba tangu Windows Vista ya mwaka 2007 fomati ya namna hiyo huandika sufuri juu ya kila kitu, na matumaini huwa karibu hakuna.

FLASHI MAMA NA FLASHI MTOTO

Wazee walisema akiba haiozi. Akiba iliyo kwa flashi moja huoza. Flashi huchoka, huanguka kwa maji, huachwa juani kwa dirisha la gari, huibwa. Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kiwe na mbili.

Flashi mama hubeba sauti zote za kikundi. Haitoki kwenda harusini wala saiba. Inakaa kwa mwekahazina ndani ya sanduku la vitabu, imefungwa mahali pakavu, na imeandikwa katika orodha ya mali ya kikundi kama vile viti na sufuria. Flashi mtoto ndiyo ya kuchomeka kwa redio. Ikipotea au ikiugua, mtoto mwingine anazaliwa kutoka kwa mama. Nakala ya tatu ikiwa kwa kompyuta ya parokia au kwa simu ya katibu, vizuri zaidi. Nakala zisilale nyumba moja, maana moto hauchagui.

Kila miezi mitatu, mkutano ukianza, mtu aifungue flashi mama na kusikiliza kidogo. Nakala ambayo haijawahi kusikilizwa haijulikani kama ni nakala au ni matumaini tu.

Mambo mengine ya kila siku ni haya:

- Kwa kompyuta, msiichomoe flashi kabla ya kuiambia kompyuta kwamba mnaitoa. Kwa redio yenye kitufe cha kurekodi, msiichomoe inaporekodi. Daftari likikatizwa linapoandikwa, huweza kuharibika.
- Msiweke hesabu za mikopo au orodha ya wanachama katika flashi ya nyimbo. Anayeazima nyimbo asiondoke na siri za watu.
- Mkimrekodi mtu, mwombeni ruhusa, na muandike jina lake, tarehe na habari aliyosema. Sauti isiyo na jina huwa ya kwanza kufutwa.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Fundi mwema ni rafiki wa kikundi. Hatusemi tumwogope. Tunasema tumwendee tukiwa na maneno ya kumwambia. Mueleze mlichojaribu: "Flashi nyingine inacheza kwa redio hii, hii yetu haichezi." Muulize ni nini amekiona kabla hajakitengeneza, na bei ni ngapi. Mwambieni wazi, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba flashi isifanyiwe fomati mpaka kikundi kikubali. Afadhali wanachama wawili waende pamoja, si mmoja. Na kama ni redio inayotengenezwa, flashi isiende nayo.

Wakati mnasubiri, mkutano usiahirishwe. Redio nyingi zina tundu la AUX au Bluetooth. Unganisheni simu yenye somo, kazi iendelee.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kikundi chetu kina sauti gani ambazo ziko mahali pamoja tu? Zikipotea leo, tunaweza kuzipata tena kwa nani?
2. Mara ya mwisho redio au flashi ilipokataa, tulitumia pesa ngapi, na je, tulijua kwanza ubaya ulikuwa wapi?
3. Nani atatunza flashi mama, na nani atamkagua?
4. Ni mzee gani kijijini ana ujuzi ambao bado hatujaurekodi? Tutamwendea lini?

Zoezi: Katika mkutano ujao leteni flashi zote mlizo nazo. Jaribuni moja baada ya nyingine kwa redio ya kikundi, katibu akiandika ipi inacheza na ipi inakataa. Chagueni ya kuwa mama siku hiyo hiyo, na nakala ya kwanza ifanywe kabla juma halijaisha.

Mungu abariki kazi za mikono yenu.